Kombe la Shaba na Jana Iliyokwama

Wewe unayesikiliza, hebu niambie: jana yako umeiweka wapi? Usitazame chini ya mkeka. Wameitafuta watu wakubwa kuliko wewe wasiione, na mmoja wao alikuwa sultani.

Hapo zamani palikuwa na mji uitwao Shangamu, na mtawala wake akiitwa Sultani Badi, mtu wa kimo kifupi na sala ndefu, hasa akijua anatazamwa. Katika ua wa kasri lake palikuwa na birika kubwa la maji, na katika birika lile huelea kombe la shaba lenye tundu dogo kitakoni. Kombe hilo ndilo lililokuwa saa ya mji. Likiwekwa majini baada ya sala ya alasiri, maji huingia kidogo kidogo, na likizama, basi jua nalo limetua. Ndipo mzee Famau, mtunza kombe, hupiga upatu, mwadhini akaadhini, na mwezi wa Ramadhani watu wote wakafuturu. Siku za jua hakuna aliyelijali. Lakini masika, mawingu yakitanda tangu asubuhi, mji mzima uliliamini kombe kuliko macho yake.

Ikawa Ramadhani moja ilikuja katikati ya masika. Siku moja mbingu zilikuwa nzito kama blanketi lililoloa. Upatu ukalia, mwadhini akaadhini, watu wakatia tende kinywani. Mara mawingu yakapasuka, na jua likachungulia, liko juu bado, halina haraka yoyote, likawakuta watu wa Shangamu wanatafuna mchana.

Lo, zogo lililozuka! Kombe lilipotazamwa, tundu lake lilionekana limepanuliwa.

Asubuhi yake Sultani akakaa barazani, watu wakajaa uani, na Famau akaletwa. Mzee akaapa kwamba aliliweka kombe likiwa zima, akaenda msikitini kusikiliza darsa kama desturi yake. Aliporudi alilikuta linazama, akadhani ni yeye aliyechelewa.

Sultani akanena kwa huzuni kubwa, "Ewe Famau, umeuibia mji wangu saumu. Leo, kabla ya magharibi, uwe umeirudisha jana, ili watu waifunge upya kama ipasavyo. Usipoirudisha, hama Shangamu, wewe na wanao na wajukuu zako."

"Maulana, nitairudishaje? Iliyopita imepita."

Sultani akamgeukia mnajimu wake, Maalim Muhadhari, aliyekuwa na vitabu vingi na alivyovielewa vichache. "Maalim, siku iliyopita hurudi?"

Maalim akafumba macho, kama afanyavyo mtu asiyejua jambo mbele ya watu. "Maulana, wako wasemao wakati ni mto, na mto haupandi mlima. Wako wasemao ni duara kama pete, na jana iko mbele yetu kama ilivyo nyuma yetu. Wengine husema dunia imekaa juu ya pembe ya ng'ombe, naye akichoka huihamishia pembe ya pili, na hapo huenda siku zikachanganyika. Kwa mujibu wa vitabu, yawezekana. Lakini kama Famau ataiweza, sijui."

Watu wakacheka wote, ila Famau.

Sasa, kati ya watu wale alikuwapo Mwana Mashavu, mjane fukara mwenye doti moja tu ya leso. Siku akiifua, hatoki nje. Kila Ramadhani mzee Famau humwalika kwake kufuturu, na wajukuu wa Famau humwita nyanya. Kwa hiyo jambo lile lilimuuma moyoni na tumboni pia, wala hakuona haya kukiri vyote viwili. Akajipenyeza mpaka mbele.

"Maulana, jana nitairudisha mimi."

"Wewe?" Maalim akacheka. "Umesoma wapi?"

"Sikusoma, Maalim. Ndiyo maana nina nafasi kichwani. Lakini wewe uliyesoma, niambie: wakati wenyewe umepata kuuona? Sisemi jua likienda, wala kombe likizama, wala ndevu zikiota mvi. Wakati wenyewe, uchi?"

Maalim akajikuna ndevu. "Wenyewe... la."

"Wala mimi. Basi huenda kitu hicho hakipo. Huenda kuna vitu tu vinavyohama mahali pake, nasi tukiona vimehama twasema, lo, siku imekwenda. Ikiwa ni hivyo, basi kila kitu kikirudi kilipokuwa jana, na kila mtu akitenda alichotenda jana, hiyo si jana? Itapungukiwa na nini?"

"Na jua?" akauliza Sultani. "Nani atalirudisha jua?"

"Limekwisha kurudi, Maulana. Asubuhi hii liko pale pale lilipokuwa jana asubuhi, nyuma ya mawingu yale yale, tena bila kuitwa. Hilo ndilo raia wako mtiifu kuliko sote. Kazi iko kwetu. Nipe amri moja tu: tangu alasiri, kila aliyemo Shangamu, mkubwa kwa mdogo, arudie alichotenda jana bila kupunguza. Atakayepunguza, huyo ndiye aliyeizuia jana isirudi. Na asipokiri mbele ya watu, adhabu ya Famau iwe yake."

Sultani akapendezwa, maana aliona mchezo, tena aliona wajinga wawili watahama badala ya mmoja. "Na ukishindwa, utahama naye."

"Nitahama. Mzigo wangu nimeuvaa."

Basi amri ikatolewa, na mpiga mbiu akaizungusha mji mzima. Mtu aliyezoea kutoa amri husahau upesi kwamba naye ni mmoja wa wale wanaoamriwa.

Alasiri ikafika. Hujapata kuona mji kama ule! Muuza samaki aliyeteleza jana sokoni akaja akateleza tena, leo akitanguliza mto wa kulalia. Bi Zena na mumewe wakarudia ugomvi wao, na kwa kuwa kila mmoja alikuwa amepata usiku mzima wa kutafuta majibu, ulikuwa ugomvi mtamu kuliko wa jana, hata majirani ikawabidi kupiga kelele dirishani: "Hilo jana hukumwambia, Bi Zena!" Mbuzi aliyekula ukili wa mkeka akaletewa ukili mwingine, akaunusa, akaondoka, mpiga mbiu akakata shauri kwamba mbuzi si raia. Na msikitini, Maalim Muhadhari, aliyekuwa akitoa darsa juu ya subira, alitakiwa asinzie katikati ya maneno yake, kama jana.

"Jana sikusinzia," akasema. "Nilikuwa nikitafakari."

"Basi tafakari, Maalim," wakamjibu wasikilizaji, "lakini kwa kukoroma kule kule."

Huko kasrini, Mashavu alikuwa ameliziba tundu la kombe kwa nta mbele ya Sultani na wazee, akabakiza upenyo mdogo kama ule wa zamani. Famau akaliweka majini, akaenda zake darsani. Watumishi wakaingia jikoni kukaanga. Uani akabaki Sultani Badi peke yake juu ya kiti chake, kama jana. Na harufu ya sambusa ikatoka jikoni, ikaja mpaka puani pake, kama jana.

Darsa ikaisha, watu wakarudi wote kutazama. Kombe lilikuwa linaelea kama bata.

"Jana, wakati kama huu, lilikuwa linazama," akanena Famau. Nyuma yake alisimama mjukuu wake wa kike, tayari na mkeka umekunjwa kichwani.

"Mnaona?" akasema Sultani. "Jana haikurudi. Fungeni virago, nyote wawili."

"Imerudi, Maulana," akajibu Mashavu. "Imefika mpaka mlango wa ua huu, ikakwama. Muuza samaki ameteleza. Bi Zena ametukana. Maalim amekoroma, nasi sote tumemsikia. Kila mtu ametenda lake. Amepunguza mmoja tu, na alipopunguzia ni hapa. Nani alikuwa hapa?"

Watu wakatazama birika, wakatazama mawingu, wakatazama kila kitu isipokuwa kiti.

Maalim Muhadhari akakohoa, maana alikuwa na mkate wa kuulinda. "Huenda wakati una matawi kama mti, Maulana. Katika tawi moja tundu lilipanuliwa, katika tawi jingine halikupanuliwa, na yote mawili ni kweli."

"Ahsante, Maalim," akasema Mashavu. "Na hili tulilokalia sisi, ambapo watoto wa Famau watalala njiani, ni tawi gani?"

Maalim akafumba macho, safari hii asiyafumbue.

Mashavu akaendelea, taratibu. "Jana nilikuwa langoni hapa nikimngoja Famau twende kufuturu kwake. Nikamwona mtu amenawa mikono, amekunja mikono ya kanzu, amekaa mbele ya sinia, na upatu haujalia. Nikasema moyoni, huyu ana imani ya ajabu."

Mtu mmoja huko nyuma akacheka, akajifanya anapiga chafya. Sultani Badi akashika mpini wa jambia lake, akauachia. Akalitazama kombe linavyoelea, akamtazama yule binti mwenye mkeka kichwani. Hapo tumbo lake likanguruma, kwa nguvu, mbele ya raia zake wote: nalo lilikuwa limetii amri, likarudia la jana.

"Mteremshie mtoto mkeka wake, Famau," akasema. "Hamhami." Akavuta pumzi. "Ni mimi. Nililipanua tundu kwa ncha ya jambia hili. Nyinyi hamkai karibu na jiko lile! Zinakaangwa tangu alasiri, zinanukia, na wakati hauendi, hauendi... nikausukuma kidogo."