Ulimi wa Bi Semeni na Rangi ya Zambarau

Haya, chekeni. Toleaneni hizo ndimi zenu za rangi ya wino, mkimaliza msogee hapa niwaambie zimetoka wapi. Rangi hiyo haikuwapo tangu mwanzo wa dunia. Ipo siku iliyoingia, na yupo mtu aliyeiomba kwa kinywa chake mwenyewe.

Enzi hizo zambarau zilikuwa nyeupe, na maji yake hayakuacha alama yoyote. Mtoto aliweza kula kikapu kizima, akarudi nyumbani akasema hajala kitu, na mama yake akaamini. Watu walikula vya wenzao na kukana wakiwa wametulia kabisa.

Wakati huo, katika kijiji kimoja cha mlimani, aliishi mjane aitwaye Bi Semeni. Alikuwa mfupi, mkavu, mwepesi wa mikono na mzito wa kusamehe. Kilichomjulisha hata katika vijiji vya ng'ambo ya mto ni mvinyo wake wa zambarau. Alianza kwa kukeneka ndizi mbivu zilizochacha, mvuke ukapita kwenye mwanzi na kudondoka tone kwa tone, akapata pombe angavu kama maji ya chemchemi, kali ya kuwaka ukiisogezea kijinga cha moto. Kisha aliketi na kikapu cha zambarau na mwiba wa mndimu, akazitoboa moja moja, kila moja mara tatu, asiruke hata moja. Alizitia mtungini pamoja na asali, akazimiminia ile pombe, akaufunika mtungi kwa jani la mgomba na kukaza kamba. Hapo ilikuwa ni kungoja siku arobaini. Aliyemharakisha alifukuzwa jikoni, awe mgeni au ndugu.

Mwaka huo mtungi ulikuwa na kazi maalumu. Mwanawe wa pekee, Mhina, alikuwa amemleta mke, binti mrefu na mpole aitwaye Zawena, kutoka ng'ambo ya mto. Kwa desturi yao, bibi harusi alikaa kwa mama mkwe siku arobaini, na siku ya mwisho wazee wa kwao walikuja kunywa mvinyo wa nyumba hiyo. Wakinywa, ndoa imetimia. Wasipokunywa, wanamchukua binti yao na kurudi naye. Kwa hiyo Bi Semeni aliujaza mtungi hadi shingoni, maana wazee wale walikuwa kumi na wawili na alitaka kila mmoja apate kibuyu kizima.

Siku ya ishirini alichomeka kijiti kupima. Mvinyo ulikuwa umeshuka mpaka mabegani mwa mtungi. Siku ya ishirini na tano ulikuwa umefika tumboni.

"Nyumba hii ina mwizi," alisema Bi Semeni, huku akimtazama Zawena.

Nani mwingine? Mhina alishinda shambani. Zawena ndiye aliyefagia jikoni, na chumba chake kilipakana na mtungi.

"Mama, mimi sijaugusa," Zawena alisema. "Hata harufu yake tu inaniumiza kichwa."

"Mwanangu, nilianza kupika pombe kabla mama yako hajaota meno. Mtungi wangu hauvuji."

"Mama, labda ni joto linaukausha," Mhina alijaribu.

"Joto lina mdomo? Nenda shamba."

Bi Semeni akatangaza kwamba wazee watakapokuja hatawamiminia hata tone. Atawaambia wamchukue binti yao, na sababu wataijua. Zawena aliingia chumbani, akalia mpaka macho yakavimba. Binti aliyerudishwa kwa wizi haposwi tena, na wadogo zake watatu nao wangekosa wachumba.

Hapa lazima niwaambie jambo ambalo Bi Semeni hakuliona, ingawa lilikuwa chini ya pua yake. Kila asubuhi alifungua mtungi, akachota nusu kata, akaonja kama zambarau zimeanza kuachia utamu. Mchana alichota nusu kata nyingine kujua kama asali imekubali. Jioni alichota tena, kuhakikisha kwamba asubuhi hakukosea. Hapo mtu ana siku ishirini na tano za kuonja! Lakini kwake huko hakukuwa kunywa hata kidogo. Kunywa ni starehe, na yeye alikuwa kazini.

Siku ya thelathini, alipoona mtungi unazidi kushuka, aliamua kwamba mwizi atashikwa hata iweje. Nyuma ya jiko ulisimama mzambarau aliochuma matunda yake miaka yote. Zamani hizo miti ilisema na watu wenye haja ya kweli. Bi Semeni aliushika shina kwa mikono miwili.

"Nimekuhudumia tangu nilipoolewa hapa," aliuambia. "Nakuomba kitu kimoja. Yeyote anayegusa mvinyo wangu, mtie alama ulimini, alama asiyoweza kuifuta wala kuikana."

Mzambarau ukasema, "Nikitia rangi, matunda yangu yote yatakuwa nayo milele. Na rangi haichagui mtu, Semeni."

"Isichague."

"Umefikiri?"

"Nimefikiri, na sirudi nyuma."

Papo hapo zambarau zote mtini zikawa nyeusi, tawi kwa tawi, mpaka kileleni. Zilizokuwa mtungini nazo zikafuata, mvinyo ukawa mwekundu wa kuelekea weusi. Bi Semeni alifurahi sana. Aliuonja kidogo kuona kama rangi imeharibu ladha, akakuta haijaharibu.

Kesho yake aliwapanga Mhina na Zawena uani, akawaamuru watoe ndimi. Ndimi zilikuwa safi, nyekundu kama za ndama. Siku iliyofuata, vivyo hivyo. Aliwaita na majirani mmoja mmoja, wakatoa ndimi zao huku wakinung'unika, na wote walikuwa safi. Mtungi uliendelea kushuka. Hata hivyo hakulegea. Alisema Zawena ana dawa ya kusafishia ulimi, tena dawa kali, na kwamba wazee wakija mambo yatakuwa vile vile.

Siku ya thelathini na tisa aliteremka mtoni kuoga. Alichukua mswaki wake wa mti, akasugua meno, akatema mate juu ya jiwe jeupe. Mate yalikuwa ya zambarau. Akautazama mswaki, nao ni wa zambarau. Akainama juu ya maji yaliyotulia, akatoa ulimi, akauona, mweusi kuliko tunda lenyewe, kuanzia ncha mpaka kooni.

Aliketi kitako mchangani. Alianza kuhesabu zile nusu kata zake, akaacha, maana aliona aibu hata mbele ya samaki. Akausugua ulimi kwa majivu, akausugua kwa mchanga, mpaka ukatoka damu. Rangi haikutoka.

Sasa sikilizeni, kwani hapa ndipo mtu anapojulikana. Bi Semeni angeweza kunyamaza. Nani hukagua ulimi wa mama mkwe? Angefunga kitambaa shavuni na kusingizia jino, na kesho jioni Zawena angekuwa kwao na jambo limezikwa. Na ukweli ni kwamba alikifunga hicho kitambaa. Alipanda kilima nacho, akaingia uani, akamkuta Zawena akifunga nguo zake kwenye kanga kuukuu, taratibu, asisahau kitu.

"Pole na jino, mama," Zawena alimwambia. "Nimekuchemshia maji ya chumvi, yako jikoni. Na kuni nimekuachia za wiki nzima."

Bi Semeni alihisi moyo unamkatika, na humo humo kifuani ule ukaidi wake wa siku zote ukageuka, ukamshika yeye mwenyewe. Alikuwa ameapa kumtoa mwizi mbele za watu. Basi angemtoa.

Siku ya arobaini wazee walifika, wakakaa kwenye mikeka nyuso zikiwa zimekunjamana, maana habari ziliwatangulia. Majirani walijaa mpaka mlangoni. Baba yake Zawena, Mzee Shekue, alikataa hata maji.

"Tumesikia," alisema. "Tupe mtoto wetu twende."

"Kwanza mumwone mwizi," alisema Bi Semeni. Akafungua kitambaa, akasimama katikati ya mikeka, kata mkononi, na kutoa ulimi wote. Akageuka taratibu, kila mmoja auone, hata wa mlangoni. Hakuurudisha kinywani mpaka alipomaliza mzunguko.

"Ni mimi," alisema. "Zaidi ya nusu ya mtungi nimeinywa mimi, na nimemtukana mtoto wa watu siku kumi na tano. Zawena, nisamehe. Mzee Shekue, ukimchukua una haki. Lakini asiondoke na jina la mwizi, hilo ni langu. Aondoke na lake."

Zawena ndiye aliyesogea, akaitwaa kata mkononi mwa mama mkwe wake.

"Keti, mama," alisema. "Nitamimina mimi."

Mvinyo uliobaki haukutosha vibuyu hata vinne. Zawena akatafuta vikombe vya udongo ambavyo watoto wa jirani walichezea, vya ukubwa wa kidole gumba, akavijaza kimoja kimoja. Mzee Shekue alikitazama kile kikombe, akamtazama binti yake, akanywa. Wenzake wakanywa. Walipocheka, ndimi zote kumi na mbili zilikuwa za zambarau.

Na tangu siku hiyo zambarau ni nyeusi, na aliyeila hawezi kukana. Na tangu siku hiyo mvinyo wa matunda hunywewa kwa vikombe vidogo, na mpishi wake haonji, humwachia mkwewe. Na mwenye nyumba akipotelewa na kitu, kabla hajamnyooshea mtu kidole, watu humwambia, "Toa ulimi wako kwanza tuuone."