Jiwe la Chini ya Maji Matamu

Mtu mmoja alikuwa na mikono iliyojua kuchimba visima. Jina lake Mkumbo. Kwao ni bara, nchi kavu ya mawe makubwa, ambako mwanamke hutoka na ndoo alfajiri akarudi jua limeshapanda. Huko maji yamelala chini ya jiwe. Baba yake alimfundisha tangu utoto kwamba ukichimba ukafika kwenye jiwe usikate tamaa, hapo ndipo kazi inapoanza. Akawa mpasua mawe hodari, na vijiji kumi na viwili vilikunywa kwa jasho lake. Naanza na sifa zake makusudi, kwa sababu ndizo zilizomponza.

Nyinyi mnaohamia visiwani mmekuja kwangu na maswali mengi. Mbebe nini, mvae nini, chakula cha huko kikoje, watu wake wakoje. Ni maswali mazuri na wapo watakaowajibu vizuri kuliko mimi. Mimi nitawasimulia habari za Mkumbo, basi. Tulieni, msitazame saa.

Ukame ulipozidi, Mkumbo na mkewe Eliwaza walihamia nchi moja ya kisiwa. Nchi ndogo kweli; ukiondoka asubuhi kwa miguu, adhuhuri umeshaimaliza. Waliteremka na sanduku moja na godoro lililokunjwa, hawana ndugu, hawamjui mtu. Mjane mmoja, Bi. Raya, aliwakuta wamesimama kando ya njia wanatazamana. Hakuwauliza dini wala kabila. Aliwapa banda lake la uani, akawapikia, akawaambia wamwite mama.

Na aliwafunza. Hapa hupiti mlangoni kwa mtu kimya, hata ukiwa na haraka. Unasalimia, unangoja ujibiwe, ndipo unakwenda. Hapa mtu akifiwa kila mmoja anaacha kazi yake, hata kama hamjuani. Samaki wakigawanywa, mwaka wako wa kwanza unapokea mwisho, na unashukuru sawasawa na aliyepokea mwanzo. Meli ya unga inakuja mara moja kwa mwezi, kwa hiyo usile wiki ya kwanza kama vile ya nne haipo. Mkumbo aliyashika yote. Alikuwa mwanafunzi mzuri, tusimwonee. Aliuliza njia, aliuliza majina ya samaki, alikwenda kumwuliza Bi. Raya hata kiasi cha chumvi kwenye mboga ya kule, kwa sababu mkewe aliona haya kuuliza. Watu walimpenda.

Nyuma ya nyumba ya Bi. Raya palikuwa na kisima alichokichimba babu yake. Kilikuwa kifupi; mtu mzima akisimama ndani, kichwa chake kinaonekana. Hakuna aliyetumbukiza ndoo mle. Walichota juu juu kwa kata ya kifuu, taratibu, kama mtu anavyoengua mafuta kwenye mchuzi, na jua likiwa utosini walikiacha kipumzike mpaka alasiri. Nyumba saba zilikitegemea. Kando yake alikuwa amezikwa mumewe Bi. Raya. Kila asubuhi, akishachota, alimwagia maji mrihani alioupanda kaburini na kumweleza marehemu mambo mawili matatu ya nyumbani: nani kaoa, paa gani linavuja. Alikuwa na ombi moja tu kwa Mungu, afie pale na alazwe pale. Maji yale yakiwepo, yule mama ana kwao. Yakiondoka hana, kwa sababu mtu hawezi kukaa mahali pasipo na maji ya kunywa, hata apapende vipi.

Mkumbo alikitazama kile kisima akawahurumia wenyeji wake. Maskini ya Mungu, aliwaza, wanachota maji kwa kifuu kama wanaomlisha mgonjwa uji. Wana njaa ya bustani, wana kiu, na jiwe wanalikanyaga kila siku bila kujua lililomo chini yake! Tena alikuwa anaona aibu kuishi kwa fadhila. Asubuhi mkewe uani kwa mtu, jioni mkewe uani kwa mtu. Alitaka naye awe na kitu cha kutoa. Jamani, hili nalo si kosa. Nani kati yetu anapenda kupokea tu?

Basi ikatokea dada yake Bi. Raya akaugua, upande wa pili wa kisiwa, naye akaenda kumwuguza. Akamwachia Mkumbo nyumba yote, na funguo. Mkumbo akaona huu ndio wakati wake: mama atarudi akute kisima kipya, kirefu, chenye maji ya kuteka kwa ndoo, ya nyumba saba na bustani saba. Eliwaza alimwambia asubiri mwenye kiwanja arudi. Akamjibu kwamba zawadi haiombewi ruhusa. Akachukua sururu na mtaimbo, akaanza kuchimba hatua ishirini kutoka kisima cha zamani.

Sasa nisikilizeni vizuri. Katika kisiwa kile, maji matamu ni ya mvua. Yanashuka taratibu kwenye mchanga, yanakaa juu ya jiwe jeupe lililotandikwa chini kama sakafu, na chini ya sakafu ile ni bahari. Hilo mtoto wa pale analijua kabla hajajua kusoma. Mchimbaji wa kule akigusa jiwe, anaweka sururu chini, anamshukuru Mungu, anapanda juu. Kazi imekwisha. Kwa Mkumbo, kazi ilikuwa ndiyo kwanza inaanza.

Palikuwa na jirani, mzee Makame, mtu mpole, ambaye maisha yake yote amekunywa kwenye kisima kile. Siku ya kwanza alikuja akasimama ukingoni mwa shimo akasema pole na kazi. Siku ya pili akaja akasema habari za tangu jana. Siku ya tatu alisikia mtaimbo unagonga jiwe, akaja mbio, akasimama pale pale na maneno yakiwa mdomoni. Akayameza. Watu wa kisiwa kile hawamkosoi mgeni, wala hawamfunzi mtu mzima kazi yake asipouliza. Kwao huko ni kumvunjia heshima. Makame akauliza hali ya shemeji, akarudi kwake, akashika tama. Nikimfikiria Makame huwa nakasirika, nawaambieni kweli. Heshima gani hiyo, ya kumwangalia mtu anajichimbia msiba, umsalimie, uende zako ukanywe chai?

Siku ya tano jiwe lilipasuka. Maji yaliyokuwa yakimchuruzikia miguuni yakaja kwa kishindo mpaka kiunoni mwake. Akayaonja, matamu! Akalia kwa furaha mle mle shimoni. Akamwita mkewe, wakawaita majirani, wakateka kwa ndoo tangu asubuhi hadi jioni, wakafua, wakaoga, wakamwagilia mihogo na mishelisheli. Vijana waliimba; hata waliojua habari ya jiwe, utamu ule uliwasahaulisha. Makame peke yake ndiye aliyekwenda kwenye kisima cha zamani, akakuta maji yameshuka, chini kunaonekana mchanga. Maji waliyokuwa wakiyachezea yalikuwa ya kisima kile kile, yakikimbilia kwenye ufa.

Furaha ile ilikuwa ya siku tisa. Siku ya kumi likaja bamvua, bahari ikajaa kupita kawaida yake. Haikuhitaji kupita ufukweni. Ilipanda kwa chini, kwenye mlango uliofunguliwa na mgeni, ikaingia kisima kipya na ikaingia kisima cha zamani. Asubuhi Eliwaza alipika uji, akauonja, akautema. Akafikiri amekosea chungu. Akachota tena.

Mkumbo hakula siku ile. Alimwaga mawe shimoni, alimwaga mchanga, alishindilia udongo kwa miguu mpaka nyayo zikachubuka, majirani wote wakimsaidia bila kumtupia neno. Ufa wa chini ya maji hauzibiki kwa mawe ya juu. Walichota, wakaonja, wakamwaga. Walirudia hivyo mpaka wakaogopa kuonja.

Bi. Raya alirudi siku ya nne baada ya bamvua. Dada yake amepona, na yeye uso wake una raha ya mtu anayerudi nyumbani. Aliwakuta watu wamejaa uani, wamekaa kimya, akadhani kuna mtu amefariki. Akauliza nani. Wakageuza macho kisimani. Akaenda kwenye kisima kama desturi yake, akachukua kata, akachota, akanywa funda moja. Akalishika mdomoni muda mrefu. Hakulitema, alilimeza. Kisha akauangalia mrihani wa kaburini, ambao majani yake yalishaanza kuwa meusi kwa kuwa Eliwaza, kwa wema, alikuwa akiumwagilia kila siku.

Mkumbo akajitupa miguuni pake. Akaeleza yote, kwa machozi: kwamba alitaka kumlipa wema, kwamba alitaka iwe zawadi, kwamba kwao jiwe hupasuliwa. Bi. Raya akamwinua. Hakupandisha sauti. Alisema:

"Mwanangu, ulinijia kuniuliza hata chumvi ya mboga. Hili la maji, mbona hukuniuliza?"

Lo, angejibu nini? Ukweli ni kwamba halikumpitia hata moyoni. Mambo yote ya kisiwa aliyaendea kama mgeni, isipokuwa hilo moja, kwa kuwa hilo alilijua.

Nyumba saba zilihama moja moja. Bi. Raya alihama mwisho. Dada yake alimpa chumba. Siku ya kuondoka alikaa kaburini asubuhi nzima, na safari hii hakuwa na habari za nyumbani za kueleza. Wanaume walibeba kitanda chake. Makame alibeba mkeka, akilia waziwazi kama mtoto, na njiani akamwambia Mkumbo kwamba siku ile ya tatu alikuwa na neno mdomoni. Mkumbo akamwambia anajua. Alikuwa amemwona midomo ikicheza, akadhani mzee anaomba dua.

Masika mawili baadaye Bi. Raya alifariki kule kule upande wa pili. Walimzika kwenye makaburi ya ukoo wa shemeji yake, kati ya watu wasio wake. Mpaka amefumba macho hakumsema Mkumbo vibaya, na hilo ndilo lililommaliza yule bwana kuliko matusi yote ambayo angeweza kutukanwa. Hajachimba tena. Mikono ile mizuri inafuma nyavu, na anafuma vibaya, kwa sababu sasa kila fundo anauliza kwanza.

Ndugu zangu, najua wapo humu ambao hawahami, wamekuja kuwaaga tu wenzao. Nanyi siku moja mtapokea wageni. Msimsalimie mtu aliyeshika mtaimbo mkajiona mmemheshimu. Semeni naye. Akikasirika, akasirike.

Na nyinyi mnaokwenda, sina wasiwasi nanyi. Mkishuka huko mtauliza yote msiyoyajua. Mnayoyajua je, mtamwuliza nani?