Kupe Saba na Mtamba Mmoja

Tegeni masikio, na mwenye jibu la haraka alimeze kwanza.

Kijijini Ng'wabuki, kwenye ng'ombe wengi kuliko watu, walikuwapo ndugu watatu. Nkwimba, kifungua mimba, alijaliwa macho: ndama akikohoa leo, yeye alishajua tangu juzi. Lushinge alijaliwa lugha. Alisoma China miaka minne, akarudi anasoma maandishi yao kama wewe unavyosoma bei ya sukari. Kija, kitinda mimba, alijaliwa kutochoka na watu. Mwenyekiti wa kijiji akimwona anakuja, huanza kuaga.

Mwaka huo josho lilitiwa dawa mpya kutoka ng'ambo, ile ya viwandani iliyoiga sumu ya ua la pareto. Ng'ombe wakaogeshwa kila wiki, na kila wiki ndama wakafa kwa ndigana, homa inayoletwa na kupe. Nkwimba alikuwa na ng'ombe mmoja tu, na ndama wake alikuwa wa nne kuzikwa. Wazee wakasema ni mkosi. Nkwimba hakubishana nao. Alichomoa kupe saba masikioni mwa ng'ombe waliotoka kuogeshwa, akawafungia ndani ya kiberiti. Siku ya tatu akakifungua mbele ya msimamizi wa josho.

"Wangapi wamekufa, baba?"

Msimamizi akachungulia. "Mama, hawa wanatembea vizuri kuliko mimi."

Ndipo Lushinge alipoliendea dumu la dawa. Kibandiko cha Kiswahili kilidai dawa ni mpya. Akakilowesha kwa maji ya moto, akakibandua; chini yake kikatokea kingine cha Kichina, kinachosema dawa iliisha muda miaka minne nyuma. Akawapigia simu kiwandani, akawabembeleza kwa lugha yao hadi wakamwandikia barua: madumu yale yaliuzwa nchi nyingine, huko yakakataliwa, dalali akayaokota kwa bei ya kutupa.

"Yaani waliyoona hayawafai ng'ombe wao," Nkwimba alisema, "ndiyo tukauziwa sisi?"

"Dada, kila aliyeyashika anasema aliyapokea hivyo hivyo."

Ndipo Kija alipobeba kiberiti, kibandiko na barua hadi Mwanza, kwa msambazaji wa dawa ile. Meneja akamwambia arudi wiki ijayo. Kija akaketi mlangoni, na kila mfugaji aliyekuja kununua dawa akamfungulia kiberiti.

"Binti, unanifukuzia wateja."

"Sijamzuia mtu, shemeji. Nawaonyesha kupe tu."

Siku ya pili, alasiri, lori likapakia dawa halisi, bila malipo. Josho likamwagwa, likajazwa upya, na tangu hapo hapakuzikwa ndama mwingine.

Mkutano wa kijiji ukatoa zawadi: mtamba mwenye mimba. Na desturi ya Ng'wabuki ni kwamba mtamba wa heshima hupewa jina la mtu mmoja, na uzao wake wote huitwa kwa jina hilo. Hauzwi, wala hana wenyewe wawili.

Mkutano ukawaka. Huyu akasema, bila macho ya Nkwimba tungelaumu mkosi hadi zizi la mwisho. Yule akasema, bila Lushinge wauzaji wangetuambia tumekosea kuchanganya dawa, na tungeamini. Mwingine akauliza ni watu wangapi wana ukweli uliofungiwa kabatini kwa kukosa Kija wa kuupeleka.

Nkwimba alimtaka mtamba yule kuliko kitu chochote. Zizini kwake alibaki mama asiye na ndama. Alipopewa nafasi akasimama kujitetea. Akaanza na kibandiko alivyokibandua Lushinge, akaingia kwenye siku mbili za Kija pale mlangoni, na aliposhtuka alikuwa ameshawasifu wadogo zake hadi watu wanapiga makofi. Akaketi bila kujitaja.

Mwenyekiti ameshika kamba, anamngoja mtu wa kumkabidhi. Usiniambie "wapewe wote", umeshasikia desturi.

Je, wewe ungemwita mtamba huyo jina la nani?