Picha Ndani ya Simu ya Twalib

Mficha uchi hazai. Wahenga walimlenga mtu anayeona haya kulifunua tatizo lake mbele ya wanaoweza kumsaidia. Haya ikimfunga mdomo, haja yake nayo hufungika. Mwalimu Twalib aliifundisha methali hii kila mwaka, na wanafunzi wake waliipatia maksi.

Twalib alikuwa mwalimu mkuu wa shule moja ya msingi huko Mtoni, mtu wa shati lililonyooshwa na ulimi mkali kama wembe. Siku moja kikaoni alimkemea mwalimu wa kike wa makamo aliyeshindwa kutuma matokeo kwa simu. Alisema mbele ya wote kwamba mwalimu asiyejua teknolojia zama hizi ni gogo njiani. Walimu walicheka, yule mama akainama. Tangu hapo Twalib akajivika sifa ya ujuzi ambao hakuwa nao.

Nyumbani aliishi na mkewe, Afrah, na Salma, binti yao wa pekee aliyekuwa darasa la sita. Walimpata baada ya kuhangaika sana, wakampenda kama mboni ya jicho. Lakini Salma alizaliwa na tundu kwenye moyo. Akipanda ngazi chache tu, midomo yake ilibadilika rangi ikawa kama zambarau. Hatimaye alichaguliwa miongoni mwa watoto watakaopasuliwa na madaktari bingwa waliokuwa wakija mjini kwa wiki moja. Hospitali ikamtumia Twalib picha kwa WhatsApp: mraba wa vidoa vyeusi na vyeupe, yaani msimbo wa QR, na chini yake maneno, "Soma msimbo huu uthibitishe kabla ya Jumamosi. Asiyethibitisha, nafasi atapewa mwingine."

Twalib alikuwa amewaona watu wakielekeza simu zao kwenye misimbo iliyobandikwa ukutani. Huu, hata hivyo, ulikuwa ndani ya simu yake mwenyewe. Alipofungua kamera, picha ilitoweka. Aliporudisha picha, kamera ikatoweka. Akasimama mbele ya kioo cha kabati, akiigeuza simu huku na huku kama mtu anayetaka kukiona kisogo chake. Simu ya Afrah ilikuwa kitochi, simu ndogo isiyo na kamera, isingemfaa.

"Baba, unatafuta nini?" Salma aliuliza kutoka mlangoni.

"Mambo ya shule," alijibu, akaifunika simu kifuani.

Kesho yake ofisini, msaidizi wake, Mwalimu Bupe, alimkuta ameiinamia simu, jasho likimtiririka.

"Mwalimu, simu inasumbua? Lete niiangalie."

Ukweli ulimfika Twalib kwenye ncha ya ulimi. Kisha akakikumbuka kile kicheko cha kikaoni, akahisi kinamgeukia yeye. "Haina shida," alisema. "Mtandao tu uko chini." Bupe akaenda zake.

Jioni Afrah naye akauliza. "Baba Salma, ule uthibitisho umeshafanya? Kama bado, niende kwa Khulud hapo jirani, ana simu kubwa."

"Nishafanya. Mie ni wa kwenda kuombaomba kwa majirani?"

Afrah akamshukuru Mungu, akaanza kupanga khanga za kwenda nazo hospitali. Twalib alijipa moyo kwamba hospitali ni watu. Akifika na mtoto mkononi, nani atamfukuza? Ijumaa ikaja, ikapita.

Siku ya upasuaji walifika mapema. Muuguzi mmoja, Kokuberwa, alilitafuta jina la Salma kwenye kompyuta, akalitafuta tena.

"Hukuthibitisha, baba. Nafasi kapewa mtoto mwingine, na keshaingizwa ndani."

Afrah akamgeukia mumewe. "Si ulisema ushafanya?"

Twalib aliitoa simu mfukoni. "Picha ilikuwa ndani ya simu yenyewe," alisema kwa sauti ya chini. "Ningeipigaje na kamera yake?"

Salma, aliyekuwa ameegemea bega la mama yake, akanyoosha mkono akaichukua simu. Aliifungua picha, akaibonyeza bila kuachia kidole, kisha akagusa maneno yaliyojitokeza. Ukurasa wa hospitali ukafunguka: "Muda wa kuthibitisha umekwisha."

"Ilikuwa hivi tu, baba," alisema, wala hapakuwa na lawama katika sauti yake. "Ungenipa mie."

Twalib alimpigia magoti kila mwenye koti jeupe aliyepita. Watoto walikuwa wengi kuliko siku zilizobaki, na madaktari wakaondoka wakiahidi kurudi mwakani. Moyo wa Salma haukuweza kuwasubiri. Masika yalipopamba moto pumzi zilimbana, akakata roho asubuhi moja, kichwa chake kikiwa mapajani mwa mama yake.

Bupe alikuja msibani. Alipokwisha kutoa pole, akauliza taratibu, "Mwalimu, mbona siku ile nilikuuliza?"

"Niliogopa mtanicheka," Twalib alijibu.

Afrah aliyasikia maneno hayo akiwa nyuma ya pazia. Arobaini ilipopita alirudi kwao Tabata, na Twalib alipomfuata, alikuta mlango umefungwa. Alibisha hadi mikono ikamuuma, kisha akarudi Mtoni kwenye nyumba ambamo hamkuwa na wa kumwita mume wala wa kumwita baba.

Mficha uchi hazai. Na Twalib, aliyekwisha kujaliwa kuzaa, aliuficha wake hata akageuka kama asiyepata kuzaa.