Sheria ya Wenye Kwato

Mwaka ule kiangazi kilikaza mpaka bwawa la Bonde la Matete likabaki tope tupu. Kosa halikuwa la jua peke yake. Wanyama walikuwa wamelima mpaka ukingoni, na kila mvua iliponyesha udongo ulishuka ukajaza bwawa. Simba akawaita wote.

"Sheria ya babu yangu yasema tuache hatua tano tu kutoka majini," akanguruma. "Imechakaa. Nani ataiandika upya?"

"Mfalme, kuna mwingine zaidi yangu?" akajibu Sungura. Moyoni aliwaza shamba lake la karanga, lililokuwa palepale ukingoni.

Akaandika: "Mwenye kwato yeyote asilime ndani ya hatua hamsini kutoka bwawani."

Nyati, Swala na Ngiri wakahama wakinung'unika. Sungura akayatazama makucha yake, akajisifu. Aliamini kabisa kwamba masikio yake yalirefuka kwa sababu akili ilikosa nafasi kichwani.

Siku ya tatu akamkuta Fisi anachimbua ukingo, udongo ukiruka huku na huku.

"Ndugu Fisi, sheria!"

"Nimeisoma," akasema Fisi, mdomo umejaa karanga za Sungura. Akanyanyua mguu. "Unaona kwato hapa?"

Sungura akakimbilia kwa Simba. Simba akaisoma sheria mara mbili.

"Kweli hana kwato," akasema. "Aliyeandika alichagua maneno kwa uangalifu mno."

Mvua ya kwanza ikashuka kwa kishindo. Ukingo alioutoboa Fisi ukaporomoka, ukachukua shamba la Sungura pamoja na shimo alimolala. Akaibuka topeni masikio yamelowa, wanyama wote wakimtazama.

"Habari za sheria, mwalimu?" akauliza Kobe.

Sungura alitaka kulia, akajikuta anacheka.

"Mzee Kobe, nilikagua miguu ya bonde zima. Ya Fisi tu ndiyo niliyoisahau! Na kichwa hiki ndicho nilichojivunia."

Akaomba kuiandika tena, safari hii mbele ya wote: mnyama yeyote, wa kwato au wa makucha, aache hatua hamsini na apande matete. Fisi akaondolewa ukingoni, tumbo likinguruma. Sungura akawa wa kwanza kushika jembe la kupanda, na kila aliyepita akamcheka, naye akacheka nao.

Akili nyingi huondoa maarifa.