Maiki Yenye Kisogo

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa na nini?

Pakawa na sikio!

Sikio la nani?

La mwenye kusikia!

Na asiyesikia?

Ataambiwa na jirani!

Haya jirani, sogea basi. Palikuwa na msitu, na katikati ya msitu palikuwa na bwawa, na ndani ya bwawa palikuwa na Kiboko, jina lake Makame. Alikuwa mnene huyo! Akiingia majini, chubwiii! maji yanapanda mpaka kwenye majani makavu. Akitoka, bwawa linabaki limenywea kama tumbo la mgonjwa.

Mwaka huo kiangazi kilikuwa cha kutisha. Mito ikakauka. Visima vya mchangani vikakauka. Hata umande ukaanza kuchelewa. Likabaki bwawa lile moja tu, na Makame kalikalia kama kuku aliyekalia mayai.

"Bwawa langu!" ananguruma. "Atakunywa nimtakaye!"

Na aliyemtaka ni yeye mwenyewe.

Akaenda Swala kuomba maji, akafukuzwa, gubu-gubu-gubu! Akaenda Nyani, akafukuzwa, gubu-gubu-gubu! Akaenda Nyati na mapembe yake yote, akarudi anachechemea. Alipoulizwa, akasema amejikwaa.

Sasa, juu ya mgunga mmoja aliishi Komba, jina lake Mwanakombo. Ukimfunika kwa kiganja hujui kama yupo. Macho yake makubwa, na masikio makubwa zaidi. Yanajikunja na kujikunjua kama majani ya mgomba mchanga. Alikuwa na watoto wawili wachanga. Mchana kutwa alilamba utomvu wa mgunga akawagawia, mpaka utomvu nao ukakauka ukawa jiwe. Watoto wakaacha kulia. Mama yeyote anajua, mtoto wa kiu akiacha kulia, hapo ndipo pa kuogopa.

Mwanakombo akashuka mtini, tipu-tipu-tipu, akaenda barazani wanyama walikokutana.

Huko alikuwapo Kunguru, karudi kutoka mjini na mizigo yake. Kunguru ni kama mnavyomjua, haachi kitu kikilala nje. Safari hii kaja na mtambo wa kunasa sauti, kaufunga ndani ya kichuguu kikubwa kilichohamwa na mchwa. Vyumba vya humo kavitandika sufi na viota vya zamani ili sauti isigonge ukuta ikarudi. Anapaita studio.

"Jamani," akasema Kunguru, "ugomvi huu wa maji hauishi kwa sababu kila mtu anasema lake na kusikia lake. Mnaonaje? Anayetaka aingie studio, atoe sheria yake ya maji. Nami nitaruka na mtambo, niupige kila pembe ya msitu. Sauti itakayosikika vizuri, hiyo ndiyo sheria mpaka mvua zinyeshe."

Wanyama wakatazamana. Makame akacheka mpaka matope yakamdondoka. Kwani sauti ya nani inaangusha majani? Yake. Isitoshe, alikuwa amechoka kupiga kelele usiku na mchana. Mtambo ukimpigia kelele, yeye atalala.

"Naapa!" akasema. "Itakayosikika ndiyo sheria! Nikiivunja, ngozi yangu ipasuke!"

"Nani mwingine anataka?" akauliza Kunguru.

Kikatoka kisauti, "Mimi."

Wanyama wakatafuta juu, wakatafuta chini, wakamwona Mwanakombo. Wakacheka, lakini kwa chini chini, maana kucheka sana kunakausha koo.

Mwanakombo akaenda moja kwa moja kwa Kunguru kuchagua maiki.

"Karibu, shangazi!" akasema Kunguru, akifunua mkeka. "Tazama hii! Nene, ya dhahabu, ina vijiwe vinavyometameta. Kila mtu mjini anaitaka."

Mwanakombo hakuitazama. Alivaa spika za masikioni, zikamfunika kichwa kizima, akafumba macho. "Iunge," akasema. Kunguru akaiunga. Shiiiii! Ikachemka kama sufuria ya mafuta.

"Hii inakaanga samaki," akasema Mwanakombo. "Nyingine."

"Basi hii ya jukwaani. Ngumu! Ukiiangusha haivunjiki, waimbaji wanaimeza mdomoni wakicheza."

Mwanakombo akainong'oneza kwa mbali kidogo. Hakusikia kitu. Akaisogelea mpaka pua ikagusa chuma, hapo ndipo akasikika. "Hii ni nzuri kwa mwenye makelele. Haimsikii mpaka abandike mdomo. Nyingine."

Kunguru akasita. Akatoa kitu kimefungwa kwenye kitambaa. Kilikuwa cha kijivu, hakina pambo. "Hii ni kondensa," akasema. "Haiimbi mpaka uipe umeme wake kwa kupitia waya. Haipendi maji, haipendi kuangushwa, haipendi kupuliziwa. Ina madaha kama bi harusi. Tena sikiliza, shangazi, haisikii kichwani kama hizo nyingine. Inasikia ubavuni, upande huu wenye kidoti. Huu ndio uso. Upande wa pili ni kisogo, na kisogo ni kiziwi."

Mwanakombo akafumba macho tena. Kunguru akadondosha unyoya wake mmoja mbele ya uso wa maiki. Unyoya ukashuka, ukashuka, ukagusa mkeka. Fu.

Mwanakombo aliusikia ulipogusa. Akasikia moyo wa Kunguru unavyodunda. Akasikia, mbali huko nje, watoto wake wanavyopumua, mmoja haraka, mmoja polepole. Macho yakamjaa machozi, lakini hakuyaacha yakaenda bure. Alianza kufikiri yatamfaa wapi.

Gubu! Gubu! Gubu! Makame huyo mlangoni.

"Shikamoo, Bwana Mkubwa," akasema Mwanakombo.

"Marahaba. Umechagua ipi?"

Mwanakombo akaikumbatia ile ya dhahabu. "Hii."

"Hiyo yangu! Lete!"

"Chukua, Bwana Mkubwa." Akaenda akaikumbatia ile ya jukwaani. "Basi mimi hii."

"Hiyo yangu! Lete!"

"Chukua, Bwana Mkubwa." Kisha akaiangukia ile ya kijivu, akaifunika kwa mkia, akalia kilio cha msiba. "Lakini hii sikupi! Niue! Za kung'aa nimekuachia, tamu ni hii!"

Makame akatupa ya dhahabu huku, ya jukwaani kule. "Kumbe ndiyo hiyo! Hiyo yangu! Lete!"

Akamnyang'anya. Mwanakombo akajifuta machozi. "Basi, Bwana Mkubwa. Nimeshindwa kabla ya kuanza. Sina maiki. Lakini mnyonge hana kinyongo, niache nikutumikie. Sauti yako ina upepo mwingi, ukisema 'povu' maiki itapeperuka. Lazima mtu akushikie kichujio." Akaokota soksi kuukuu ya Kunguru, akaivuta kwenye kitanzi cha ukindu. "Tena, nikuambie siri? Hii na maji ni maadui. Ukiingia umelowa hivyo, itakufa."

"Sasa nifanyeje?"

"Ujikaushe."

Makame akaenda kusimama juani. Kwenye bwawa pakawa hapana mtu. Mnadhani wanyama walisubiri tangazo? Swala huyo! Nyani huyo! Nyati huyo, kasahau kuchechemea! Wakanywa, wakanywa, kila mmoja akimwangalia Makame aliyewapa mgongo kwenye uwanda, anageuka na kugeuka kama muhogo wa kuchoma. Mwanakombo naye alijaza mashavu, akapanda mgunga, akawamiminia wanawe mdomoni. Yule wa polepole akapiga chafya. Mama akacheka.

Lakini jua la siku moja si sheria ya kiangazi. Makame alipokauka, ngozi imemvuta kama ngoma, akarudi studio.

Wanyama wakamsukuma mlangoni mpaka akaenea. Kunguru akaingia chumba cha pili kwenye mtambo wake. Mwanakombo akaisimamisha maiki, akaigeuza taratibu. Kidoti kikamtazama yeye. Kisogo kikamtazama Makame.

Kunguru aliona kwenye tundu la ukuta. Akafungua mdomo aseme. Akakumbuka jinsi alivyofukuzwa bwawani jana. Akaufunga.

"Mbona kidoti kiko kwako?" akauliza Makame. Hakuwa mjinga kiasi hicho.

"Bwana Mkubwa! Uso wake ni wa sauti za watu wadogo. Ukiungurumia usoni, utaupasua. Mfalme hupigiwa ngoma kwa nyuma asishtuke, sivyo?"

"Ndivyo," akasema Makame, ambaye hajawahi kupigiwa ngoma.

"Na simama mbali. Ukuta kabisa. Sauti kubwa inataka nafasi ya kutembea."

Makame akarudi nyuma mpaka sufi ikamwingia masikioni. Mwanakombo akajibanza upande wa uso, soksi mkononi, pua karibu na kidoti.

"Tayari!" akapiga kelele Kunguru.

Makame akavuta pumzi. Kichuguu kikatikisika. "Mimi Makame! Bwawa ni langu!"

Naye Mwanakombo, ndani ya soksi, pole pole, "Bwawa ni la wote."

"Maji ni yangu!"

"Maji ni ya mwenye kiu."

"Asubuhi ni yangu!"

"Asubuhi wanywe wenye watoto."

"Mchana ni wangu!"

"Mchana Kiboko aoge, lakini ukingoni."

Makame akanyamaza ghafla. "Nani ananong'ona?"

Mwanakombo moyo ukamruka, du-du-du! Na maiki ile, mjue, ilikuwa inausikia. Akakiziba kidoti kwa mkia, akajibu, "Ni kichujio, Bwana Mkubwa. Maneno yako mazito, yanapita kwenye soksi kwa taabu."

Makame akafikiri. Ukweli, maneno yake yalikuwa mazito. "Kisukume basi!" akasema, akaendelea mpaka jasho likamtoka na ukuta ukamwaga vumbi. Naye Mwanakombo akaendelea, chini chini, kila neno lake na pumzi yake.

Jua lilipopoa, wanyama wote wakakusanyika uwandani. Kunguru akauweka mtambo juu ya jiwe. Makame akakaa mbele, kifua mbele. Mwanakombo akakaa nyuma yao wote, wanawe wamemshika manyoya.

Kunguru akabonyeza. Tik.

Ikatoka sauti. Ndogo, safi, iko karibu kama mtu anayekusemesha sikioni: "Bwawa ni la wote... Maji ni ya mwenye kiu... Asubuhi wanywe wenye watoto..." Na nyuma yake, mbali sana, kitu kama: ngu... ngu... ngu...

"Hiyo ngu-ngu ni nini?" akauliza Nyati.

Kunguru akatazama juu. "Tumbo la mtambo."

Wanyama wakamgeukia Makame. Ngozi yake yote iliiva. Akafungua mdomo, ule mdomo wa kumeza mtumbwi, na kila mtu akajiandaa kukimbia. Mwanakombo akawashika wanawe.

Lakini mkubwa atasema nini? Aseme hiyo si sauti yake? Basi itakuwa sauti ya Makame, inayoangusha majani, imeshindwa na kidude kinachoenea kiganjani. Akatazama kulia, akatazama kushoto. Kila uso ulimngoja.

"Mnaona?" akasema Makame. "Mnasikia nilivyo na sauti tamu? Leo niliamua kuimba laini."

"Hee!" wakasema wanyama. "Hongera, Bwana Mkubwa! Kumbe wewe ni mkarimu hivyo!"

"Mimi ni mkarimu sana," akasema Makame, meno yamekazana.

Mtambo ulikuwa haujamaliza. Ile sauti ndogo ikaendelea: "Na tembo la kulewesha, linalogemwa kwenye ule mti wa mvumo ulioko ukingoni, ni la Mwanakombo peke yake. Mtu asiliguse."

Nyani akasimama. "Hilo la tembo limeingiaje kwenye sheria ya maji?"

Wote wakamtazama Makame, mwenye sauti. Makame akamtazama Mwanakombo. Mwanakombo akayatazama mawingu, ambayo hayakuwapo.

"Ni..." akasema Makame, "ni zawadi. Alinishikia soksi."

Kunguru akaruka na mtambo, akaupiga kila pembe ya msitu. Sheria ikashika mpaka mvua ziliponyesha. Kila asubuhi wenye watoto walikunywa kwanza, na kila mchana Makame alioga ukingoni, na kila aliyepita alimwambia, "Bwana Mkubwa, sauti yako ile!" naye akaitikia kwa kichwa tu, maana tangu siku ile hakuthubutu kunguruma mbele za watu, wasije wakalinganisha.

Basi jamaa zangu, funzo ni hili. Mnyonge asichague, amwachie mkubwa achague. Ukinunua maiki, chukua inayong'aa, masikio ni ya kutundikia miwani. Na zaidi ya yote, uongo ni mbaya sana, haujamfaa mtu hata mmoja. Mwulizeni Mwanakombo. Kila jioni yuko kileleni mwa mvumo na kibuyu chake, anajuta. Anajuta anaimba. Anajuta mpaka anadondoka.

Hadithi yangu naitua hapa. Mwenye kikapu aibebe nzima. Mwenye kikapu kilichotoboka, imdondoke njiani, wa nyuma waokote.