Firigisi Moja, Walaji Watatu

Hapo zamani, wala si zamani za majini na wafalme bali zamani za mwaka juzi tu, kilimani kwetu palikuwa na baba mmoja hodari wa maneno na mzito wa kazi. Mnacheka nini? Ndiyo, ni mimi.

Nilikuwa na mke, nilikuwa na mama mzazi, na nilikuwa na binti, Salha, wa miaka tisa. Akili ya Salha ilikimbia, lakini miguu yake haikuweza kusimama tangu kuzaliwa. Darasa la kwanza alisoma chini. Darasa la pili alisoma chini. Darasa la tatu likawa ghorofani, nasi tukaitwa na mwalimu mkuu, Mwalimu Shekalaghe.

"Ngazi ni ngazi," akasema. "Mpelekeni shule maalumu ya mkoani. Atalala huko huko, mtamwona likizo."

Njiani, mgongoni kwa mama yake, Salha akaniuliza, "Baba, kwani nimefeli?" Naye alikuwa wa pili darasani. Moyo uliniuma, nikaapa kwamba hatahama. Kuapa ni kazi ninayoiweza.

Basi tukatoka, kila mtu na njia yake.

Mimi nilivaa koti langu la harusi, ambalo siku hizi halifungi tumboni, nikaenda kwa afisa elimu. Nikamweleza haki za mtoto mwenye ulemavu, nikamweleza sheria, nikamweleza hata nisichokijua. Afisa akaagiza maji, nikayanywa mimi, nikaendelea. Mwishowe akasimama. "Baba Salha, nenda nyumbani. Ijumaa nitafika shuleni mwenyewe."

Mke wangu hakwenda kwa afisa. Kila asubuhi alimbeba Salha mgongoni, akapanda naye ngazi, akaketi naye dawati moja mpaka kengele ya kutoka. Mwalimu wa darasa akiuliza swali, mama anajibu. Mwalimu akikosea hesabu, mama anaguna. Ijumaa yule mwalimu akashuka kwa mkuu wake machozi yakimlengalenga: "Ama yule mama, ama mimi."

Mama yangu hakwenda kwa afisa wala hakupanda ngazi. Alijitanda khanga, akaenda kumtembelea mama mkwe wa Mwalimu Shekalaghe, ambaye alichezwa naye ngoma ya unyago usichanani. Ijumaa hiyo hiyo mkwe akatuma salamu: "Mwambieni mwanangu, nasikia kwake asiyeweza kupanda ngazi hana nafasi. Nami magoti yamekufa. Basi nisije tena?"

Jioni ile Mwalimu Shekalaghe alihamisha ofisi yake, makochi na chupa ya chai, akaipeleka juu. Darasa la tatu likashuka chini.

Jumapili tukachinja jogoo, tukamwalika mwalimu kwa kumshukuru. Mnajua kwetu: firigisi ni moja, na huliwa na mwenye heshima yake. Nikanyoosha mkono.

"Ngoja kwanza, Baba Salha," akasema mke wangu.

"Ningoje nini? Bila afisa kufika, nani angehama? Na afisa nimemleta mimi. Firigisi ni yangu."

"Afisa alikuja, akanywa soda, akaondoka. Mgongo uliopanda ngazi ni wangu. Firigisi ni yangu."

"Afisa huondoka, mgongo huchoka," akasema mama yangu. "Lakini mkwe hakimbiwi. Firigisi ni yangu, ingawa meno sina."

Tukamgeukia mgeni wetu. Lipi lilikuhamisha, mwalimu?

"Yote yalinishukia Ijumaa moja," akasema, "sijui lipi lililoning'oa. Lakini msishangilie sana. Darasa la nne nalo liko juu, na mimi ofisi nyingine ya kuhamisha sina. Januari tutazungumza upya."

Kisha mama yangu akasema, "Basi atakayekula firigisi ndiye atakayeianza kazi ya Januari."

Loo, mngetuona! "Kula wewe, mama, ndiye mkubwa," nikasema. "Mimi meno sina, mpe mkeo," akasema mama. "Firigisi ni ya mwenye nyumba, ndiyo mila," akasema mke wangu, akanisogezea. Nami, niliyeapa njiani, nikasema siku hizi firigisi inanisumbua tumbo.

Tulikuwa tumechoka, huo ndio ukweli. Mke wangu mgongo ulikuwa haunyooki, mama yangu alikuwa ametumia heshima yake yote kwa shoga yake, na mimi maneno yalikuwa yameniishia, jambo ambalo halijawahi kutokea. Sahani ikazunguka, ikapita mbele ya Salha, ikapita tena. Yeye alikuwa akitutazama mmoja mmoja. Niliona aibu, nikainamia wali wangu.

Salha akaishika sahani.

"Nipeni mimi," akasema. "Januari nitakwenda mwenyewe kuzungumza na mwalimu. Ila mtu anibebe mpaka mlangoni."

Mwalimu Shekalaghe alikuwa amekaa pale pale, tonge mkononi. Na kwetu mtoto, tena wa kike, hali firigisi.

Haya, wenzangu, nisaidieni, na msinipendelee kwa kunionea huruma. Kuna mwenye mdomo, kuna mwenye mgongo, kuna mwenye shoga aliyezaa mke wa mwalimu, na kuna mtoto aliyeikamata sahani sisi wakubwa tulipoikimbia. Je, nani alistahili kuila?